Kabla Hujaweka Mkeka wa Tour du Rwanda

Wadogo zangu, tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, barua zenu zimebadilika. Za wakwe na za wachumba zipo kama kawaida, lakini sasa limeingia na swali hili: “Dada, Tour du Rwanda inakuja Februari, nimpe nani?” Nitawajibu, tena kwa majina. Ila tuelewane mapema. Kodi ya nyumba na ada ya mtoto havimo kwenye maongezi haya. Ukitaka kubishana kijiweni, nipo nyuma yako. Ukitaka kuweka hela ya unga juu ya kijana wa Kifaransa uliyemsikia jana, usinitaje.

Kwanza nisikitike kidogo. Julai nzima watu hukesha na Tour de France, halafu mbio za wiki moja zinazopita mlangoni mwetu wanaziona kama bonanza la kijiji. Tour du Rwanda ilianza 1988. Mwaka 2009 iliingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, UCI, na 2019 ikapandishwa daraja hadi 2.1, ambapo timu kubwa za Ulaya zinaruhusiwa kuja. Tatizo lake ni tarehe. Inafanyika mwishoni mwa Februari, wakati macho ya Ulaya yako kwenye mbio za Falme za Kiarabu na za kusini mwa Hispania na Ureno. Kwa hiyo wenye kamera na kalamu hawaji kwa wingi. Mashabiki wa Rwanda hilo haliwahusu. Wao hujaa pande zote mbili za barabara kuanzia Kigali hadi Musanze, watoto wa shule na sare zao, mama na mzigo kichwani, na hawalipi hata senti kutazama.

Kwa mgeni wa mchezo huu: kila siku kuna hatua yake na mshindi wake, lakini jezi ya manjano huvaliwa na mwenye muda mdogo kuliko wote ukijumlisha siku zote. Mtu anaweza kushinda hatua tatu na bado akakosa mbio, kwa sababu siku moja alikatika mlimani akapoteza dakika nne. Wanaobeti kwa kuangalia nani kashinda jana huliwa hapo.

Sasa tuje kwenye milima. Rwanda ni nchi ya vilima elfu moja, na waandaaji hawakwepi hata kimoja. Kigali yenyewe iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Musanze iko juu zaidi. Mzungu anayetoka kwenye baridi ya Februari hufika na mapafu yake ya pwani, na hewa nyepesi inamkaba siku mbili tatu za mwanzo. Muda anaoupoteza hapo haurudi kirahisi. Mtu wa Asmara hana shida hiyo, maana mji wake uko juu ya mita 2,300. Ukitazama orodha ya washindi utaliona jambo hilo bila kuambiwa: Daniel Teklehaymanot 2010, Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfazion 2020 na tena 2022, Henok Mulubrhan 2023. Wote Waeritrea. Baiskeli kwao ililetwa na Waitaliano enzi za ukoloni, wenyewe wakaichukua wakaifanya mchezo wa taifa, na Biniam Girmay amewalipa kwa jezi ya kijani ya Tour de France ya 2024. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni fupi: usiandike orodha yako bila Mweritrea ndani.

Ya pili ni jina kubwa. Hapo ndipo mnapoliwa sana. Mwaka 2023 alikuja Chris Froome, bingwa mara nne wa Tour de France, tena mzaliwa wa Nairobi, na barabara nzima ilikuwa yake. Alijaribu kutoroka peke yake, kundi likamrudisha. Jezi ikaenda kwa Henok. Mwaka uliofuata ikachukuliwa na kijana wa Kiingereza, Joseph Blackmore, ambaye nje ya mashabiki wakubwa hakuna aliyemjua. Miezi michache baadaye akashinda Liège–Bastogne–Liège ya vijana, kisha Tour de l'Avenir, mbio ambazo kwa vijana ndizo Tour de France yao. Teklehaymanot naye, miaka mitano baada ya kushinda Rwanda, alivaa jezi ya mlima, ile ya madoa mekundu, Ufaransa 2015. Mbio hizi huwapenda watu wanaopanda ngazi. Wanaoshuka huwapigia makofi tu.

Na kama unadhani wataalamu hawakosei, kumbuka mbio za wanawake za dunia hapo hapo Kigali. Vigogo walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake avute, na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuwa kwenye midomo ya wengi, akaondoka na ubingwa. Kwa wanaume Tadej Pogačar aliwaacha wenzake mbali sana, akashinda kama ilivyotabiriwa, lakini tazama gharama: kati ya waliokuwa mstarini asubuhi, waliomaliza ni 30 tu. Hizo ndizo barabara tunazozizungumzia. Ukuta wa Kigali, ule mwinuko wa mawe unaoitwa Kwa Mutwe, umekuwa ukipandwa na Tour du Rwanda miaka mingi kabla dunia haijausikia.

Ya tatu, tazama timu kabla ya mtu. Mpanda mlima mzuri asiye na wasaidizi ni kama bibi harusi asiye na mashoga: atapendeza, lakini kila kitu atakibeba mwenyewe. Akitoboa tairi, nani atampa gurudumu? Watorokaji wakipata dakika tatu, nani atavuta kundi? Ndiyo maana jicho langu halitoki kwa TotalEnergies ya Ufaransa. Walishinda 2021 na Mhispania Cristian Rodríguez, wakati huo wakiitwa Total Direct Energie, wakashinda tena 2025 na Fabien Doubey. Huyu Doubey alikuwa na miaka 31, si kijana anayechipukia, kwa hiyo msije mkanishika shati kwamba nimesema mbio ni za watoto tu. Ushindi wake ulitokana na kikosi kinachozijua barabara na kutulia. Siku ya mwisho mvua kubwa ilivuruga mambo Kigali, na waliokuwa wakisubiri siku ile ndipo washambulie wakabaki na mipango yao. Februari mvua za Rwanda hazipigi hodi. Anayeahirisha hadi Jumapili hana mwenye kumhakikishia kwamba Jumapili itakuwepo.

Najua Wanyarwanda na majirani zao mnaosoma hapa mnasubiri nifike kwenu. Nimefika. Kati ya 2014 na 2018 jezi haikutoka nyumbani hata mara moja: Valens Ndayisenga, Jean Bosco Nsengimana, Ndayisenga tena, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Halafu daraja likapanda, na kuanzia 2019 hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeichukua. Si kwamba vijana wamedhoofika. Mpinzani ndiye aliyebadilika: badala ya timu za taifa na vilabu vidogo, anakuja mtu mwenye mpishi wake, fundi wake, na siku nyingi za kushindana kwa mwaka, wakati kijana wa Kigali hana mbio za kutosha za kumkomaza. Moïse Mugisha ndiye aliyefika karibu zaidi. Alikuwa wa pili kwa jumla 2020, na 2022 alishinda hatua ya mwisho juu ya kilima cha Rebero, Kigali ikalipuka. Mpeni hatua moja mlimani kwa moyo mweupe. Jezi ya manjano, mdogo wangu, hiyo ni mapenzi, na mapenzi hayawekwi kwenye mkeka.

Sasa majina, kama nilivyoahidi. Nampa Henok Mulubrhan nafasi ya kwanza, kama timu yake ya Astana itampa ruhusa ya kuja. Anapanda, na akifika mwisho na kundi dogo ana kasi ya kuwamaliza. Mbio hizi mara nyingi huamuliwa na sekunde, na mtu mwenye vitu hivyo viwili huziokota kila siku kidogo kidogo. Wa pili ni yeyote atakayekuwa kiongozi wa TotalEnergies. Nasema yeyote kwa makusudi. Wa tatu ni kijana mmoja kutoka kikosi cha vijana cha timu kubwa ya Ulaya. Ili umjue, subiri hatua ya kwanza yenye mlima mrefu, usitazame nani ameshinda, tazama nani amefika wa nne au wa tano bila kufungua mdomo kuhema. Natnael naye akitokea kwenye orodha, mpandishe hadi nafasi ya pili mara moja.

Orodha yenyewe usiiamini hadi karibu na siku ya kuanza. Mwaka 2025, mji wa Goma huko Kongo ulipoangukia mikononi mwa waasi mwezi mmoja kabla, na Rubavu ya Rwanda iko ng'ambo tu ya mpaka, timu ya Soudal Quick-Step ilijitoa. Anayeweka mkeka mapema anabeti juu ya mtu ambaye huenda hata ndege hatapanda.

Mnaotaka kwenda kushuhudia: wa Ngara na Kagera yote mnapita Rusumo, wa Uganda Gatuna, na pasi ya kusafiria iwe mkononi. Msisimame kwenye mteremko, pikipiki za waamuzi hupita kwa kasi na magari ya Rwanda hutumia upande wa kulia, tofauti na kwetu. Simameni pale mlima unapokaza, ndipo mtaziona nyuso zao na kujua nani anaigiza. Na saa zenu mzirudishe nyuma saa moja mkivuka, maana Kigali si saa ya Dar wala Nairobi. Mnaobaki nyumbani kufuatilia kwa simu nanyi mfanye hesabu hiyo hiyo, kwa upande wa pili: hatua ikitangazwa kwamba itamalizika saa saba mchana, kwenu ni saa nane.