Mimi, Bosco na Alhamisi: Deep Rock Galactic baada ya wenzangu kuondoka

Tulianza wanne. Mmoja akaoa, wa pili akauza kompyuta, wa tatu akahamia kwenye gemu la mpira na kila wiki ananiahidi kwamba "Jumamosi naingia". Nimebaki na Bosco.

Bosco ni droni. Gemu hukupa wewe unayeingia mgodini peke yako: anachimba, anamulika, anawatwanga wadudu risasi, na ukidondoka anakuja kukuinua, ingawa si mara nyingi. Wachezaji wenzako wakiwepo, yeye haji kabisa. Hapo ndipo unaona kwamba gemu lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya kundi: mbilikimo wanne wenye ndevu wanaochimba madini kwenye sayari ya Hoxxes IV, kazi ya studio ya Denmark iitwayo Ghost Ship Games, iliyotoka rasmi mwaka 2020.

Utaniuliza kwa nini nisicheze na watu nisiowajua. Nimejaribu. Gemu hili huendeshwa kwenye kompyuta ya aliyefungua chumba, na vyumba vingi ninavyopata ni vya Ulaya. Kwa ping ya 200 na ushee, mdudu nimeshamuua kwangu, kwa mwenye chumba bado anatembea, na anakuja kunila. Peke yangu kila kitu kinaendeshwa kwenye mashine yangu. Tena naweza kusimamisha gemu nikiitwa jikoni.

Tatizo langu halikuwa upweke. Lilikuwa hesabu.

Ukimfikisha mhusika levo ya 25, unampandisha cheo na anaanza tena levo ya kwanza. Vyeo ni shaba, fedha, dhahabu, platinamu, almasi, na kila kimoja kina nyota tatu. Wahusika ni wanne. Usiku mmoja nikachukua karatasi nikazidisha: mara 60 kabla hata hujafika kwenye cheo cha Legendary. Karatasi ile iliniharibia mwezi mzima. Nilikuwa naingia kama mtu anayelipa deni, namaliza misheni mbili, nazima, na sikumbuki hata pango lilikuwaje.

Kilichonirudisha ni bahati tu. Nilipata ovakloki, yaani marekebisho ya silaha, ya bunduki ya mitutu miwili ya mhusika Scout, inaitwa Special Powder: ukifyatua, mshindo unakurusha hewani. Nikajiuliza, je, naweza kumaliza misheni nzima bila kugusa kamba ya kujivutia, nikiruka kwa baruti tu? Mara ya kwanza nilijirusha shimoni nikafa. Mara ya pili nilivuka bonde zima, nikatua juu ya mwamba wenye dhahabu, nikacheka peke yangu saa sita usiku. Mara ya tatu niliishiwa risasi huku wadudu wakinishukia kutoka darini. Nilicheza saa mbili bila kuangalia levo hata mara moja.

Tangu hapo naingia na swali moja kila usiku, na liwe la kujibika usiku huohuo. Je, Gunner anaweza kuishi na ovakloki ya Lead Storm, inayomgandisha miguu kila anapofyatua? Je, leo naweza kukaa bila kuita risasi za ziada mpaka nimpate mdudu mkubwa? Jibu likipatikana, hata likiwa "hapana, umekufa", nimemaliza. Levo zinapanda zenyewe. Kama huna swali, usiwashe, nenda kalale.

Kuhusu ugumu nitasema kwa ufupi. Watu wanajisifu kwa Hazard 5. Mimi nashuka Hazard 3 nikiwa nimechoka na kazi, na sioni haya, hasa ninapojaribu silaha nisiyoijua. Uzuri wa upweke ni kwamba wadudu hupunguzwa, na mzigo wa risasi, unaoitwa kwa madini ya nitra 80, una mafungu manne ambayo yote ni yako. Usiyamalize kwa pupa. Chukua moja, acha matatu, na kumbuka ulipoyaacha, maana Bosco hatakukumbusha.

Halafu kuna Deep Dive, misheni tatu mfululizo zinazobadilishwa kila wiki, na mapango yake ni yaleyale kwa kila mchezaji duniani. Hii ndiyo dawa ya anayecheza peke yake. Risasi ulizobakiza kwenye misheni ya kwanza ndizo unazoingia nazo ya pili, kwa hiyo ubahili unaanza mapema. Na mwenzangu aliyehamia kwenye mpira akiingia siku moja moja, tunakuwa na la kuzungumza: "Wewe lile pango la pili ulivukaje?" Tumecheza siku tofauti, lakini tumepita njia moja.

Onyo: ukitoka katikati, umepoteza zote tatu. Niliwahi kufika ya tatu, nikiwa nimebakiza kurudi kwenye chombo, umeme wa luku ukaisha. Siku hizi naangalia uniti kabla ya kuangalia silaha.

Na msimu wa gemu usikuharakishe. Tangu msimu wa 5, mwaka 2024, unaweza kurudi kwenye misimu iliyopita na kuchukua vitu vyake kwa wakati wako, kwa hiyo ukipumzika wiki tatu hujapoteza kitu. Mimi hupumzika, na nikirudi nawasha kwanza misheni fupi ya kutafuta mayai ili vidole vikumbuke.

Driller wangu bado yuko shaba. Deep Dive mpya hufunguliwa Alhamisi saa nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Mimi huingia saa tatu usiku, baada ya chakula. Kama nawe umebaki na Bosco tu, jaribu ya wiki hii, kisha uniambie lile pango la pili ulivukaje.