Bogenvilia katika Mvua za Kampala

Bogenvilia ni mmea wa kutambaa wenye miiba, asili yake Amerika ya Kusini, ambao Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767 ukapewa jina la kiongozi wa msafara wake, Louis Antoine de Bougainville; leo umetanda juu ya kuta za Kololo, Muyenga na Naguru jijini Kampala kiasi cha kuonekana kama wa kienyeji. Kinachosifiwa kuwa ua lake ni majani matatu yaliyogeuka rangi, yaitwayo brakti, na maua yenyewe ni vile vijirija vyeupe vilivyomo katikati.

Shida ya Kampala ni maji kuzidi. Mji huu, ulio jirani na Ikweta kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, hupata masika ya Machi hadi Mei na mvua nyingine za Septemba hadi Novemba, na hata miezi ya kiangazi haikosi manyunyu kutoka Ziwa Viktoria. Katika nchi zilizo mbali na Ikweta, kufupika kwa mchana huuhimiza mmea kuchanua. Kampala, ambako mchana haubadiliki kwa kiasi cha kutambulika, kichocheo kinachobaki ni ukavu. Ndiyo maana bogenvilia inayomwagiliwa kila jioni na kurundikiwa samadi, yenye naitrojeni inayokuza majani, hurefuka na kukoza kijani bila kutoa rangi yoyote, kisha lawama zikamwangukia shambaboi aliyefanya alivyoagizwa.

Mche huoteshwa kwa kipandikizi, yaani kipande cha tawi lililokomaa kiasi, chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kinachochomekwa kwenye kiriba chenye udongo uliochanganywa na mchanga na kuwekwa kivulini hadi kitoe mizizi. Wakati wa kuhamisha, kiriba hupasuliwa kwa wembe bila kutikisa udongo, kwa sababu mizizi ya bogenvilia ni myepesi kukatika na mche uliojeruhiwa huweza kudumaa kwa muda mrefu. Mahali panapofaa ni penye jua la saa sita au zaidi, na mabondeni, ambako maji hutuama, hupandwa juu ya tuta au katika chungu chenye matundu, tena chungu kidogo, kwani mizizi iliyobanwa huharakisha kuchanua.

Kupogoa, yaani kupunguza matawi kwa makasi, hufanywa Machi mvua zinapoanza, kwa kuwa brakti hutokea kwenye machipukizi mapya, na anayekata Desemba huondoa rangi ya Januari kwa mkono wake mwenyewe. Mmea wa chunguni husubiriwa hadi majani yaanze kulegea, ndipo unywe maji ya kutosha mara moja, kisha uachwe tena. Ule wa ardhini uliokwisha kushika hauhitaji kumwagiliwa hata kidogo.