Chumba cha Mgeni, Chumba cha Mpangaji: Kijitabu kwa Wakazi wa Mpanda na Sitalike

Tuseme una chumba Makanyagio, umekipangisha kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Anatokea mgeni wa kwenda mbugani, yuko tayari kulipa 30,000 kwa siku. Siku mbili tu za mgeni huyo zinazidi mwezi mzima wa mpangaji. Mwenye nyumba gani hatashawishika?

Hesabu hiyo ndiyo iliyowatoa watu majumbani katika miji ya watalii. Barcelona, Hispania, ilitangaza mwaka 2024 kwamba ifikapo Novemba 2028 itafuta leseni za nyumba 10,101 zinazopangishwa kwa watalii, kwa kuwa wenyeji wamekosa pa kuishi. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao una majumba mengi ya kale yaliyogeuzwa hoteli.

Mpanda haijafika huko. Kinachobana vyumba hapa kwetu ni watu. Katavi ilipopata hadhi ya mkoa mwaka 2012, sensa ilihesabu wakazi 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta 1,152,958. Mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa mpunga wote wanagombea chumba na sebule kilekile cha Kashaulili au Nsemulwa, tena kwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Je, watalii wanatuletea nini?

Hifadhi ya Katavi ina kilomita za mraba 4,471, na viboko wa Mto Katuma wanajulikana mbali. Lakini mgeni mwenye fedha nyingi hushuka na ndege ndogo uwanja wa Ikuu, ndani ya hifadhi, akalala kambini kwa mamia ya dola kwa usiku, kisha akaruka. Mpanda huiona kutoka angani, kama ataiona. Hanunui hata vocha kwa muuza duka wa Sitalike.

Anayetufaa ni yule anayekuja kwa barabara kutoka Tabora au Sumbawanga, au kwa treni ya Tabora. Huyo hula kwa mama lishe, hukodi bodaboda, hulala gesti. Kwa hiyo hatusemi msipokee wageni. Mkazi wa Sitalike anayeongeza vyumba viwili uani kwake anaweza kuipata fedha ambayo kambi hazimpi. Tunachopinga ni kumtoa mpangaji ili kumpisha mgeni.

Na hata kwa mwenye nyumba, faida hiyo ina mashaka. Wageni wa mbugani huja zaidi kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mvua zikianza, njia za hifadhini zinageuka tope na vyumba vinabaki vitupu, ilhali mpangaji uliyemfukuza alikuwa akilipa masika na kiangazi. Na hapo bado hujatoa gharama za shuka, maji, umeme, mfagiaji na kamisheni ya anayekuletea wageni kwa simu.

Ukiamua kupokea wageni, pita kwanza halmashauri ya manispaa, au ya Nsimbo kama uko Sitalike, uulize leseni na ushuru unaokuhusu. Weka daftari: jina, kitambulisho, anakotoka, siku ya kuondoka. Nchini Kenya, Januari 2024, wanawake waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, na serikali ikaagiza wenye nyumba hizo wajisajili. Tusisubiri msiba ndipo tuandike majina.

Mpangaji, wewe huna kinga kubwa. Sheria ya kudhibiti pango ilifutwa mwaka 2005, hivyo hakuna anayempangia mwenye nyumba kiwango cha kodi. Umebaki na mkataba wako. Udai kwa maandishi, uonyeshe kodi, muda, na notisi ya angalau miezi mitatu. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kila unapolipa, chukua risiti. Usimpe dalali fedha kabla ya kuona chumba na mwenye chumba. Mkigombana, anzeni kwa mwenyekiti, kisha Baraza la Kata lisuluhishe.

Wana Sitalike, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao, ombeni ajenda ya nyumba za wageni iingizwe, mkubaliane masharti yenu wenyewe wakati vyumba hivyo bado vinahesabika kwa vidole.