Hofu Inayobaki Baada ya Kiwewe

Ubongo wa binadamu hujifunza hofu upesi. Tukio moja linatosha. Katika shambulio la Agosti 7, 1998, kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, ulitangulia mlipuko mdogo. Wengi walikimbilia madirishani kutazama, na bomu lilipolipuka vioo viliwajeruhi usoni na machoni. Kwa aliyenusurika, mlio wa ghafla, kioo na harufu ya moshi huweza kufungamana na kifo. Tairi ikipasuka barabarani miaka mingi baadaye, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, naye hujikuta amejibanza ukutani kabla hajajua kwa nini. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala ndiyo inayopiga mbiu hiyo, nayo haingojei fikra.

Kwa watu wengi hofu hii hufifia. Mlio husikika tena na tena bila dhara, na sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza kuituliza amigdala. Lakini funzo la kwanza halifutiki. Mwanasayansi Ivan Pavlov wa Urusi aliona kwa mbwa wake kwamba zoea lililokwisha kuzimika huweza kurudi baada ya muda. Funzo la usalama hukaa juu ya lile la hatari, tena hung'ang'ania mahali lilipopatikana. Na kwa mwenye ugonjwa wa kiwewe, hata likiingia leo, kesho ubongo hulikumbuka kwa shida. Hofu ikirudi, basi, mgonjwa si mwoga wala si mpungufu wa imani, na tiba haijashindwa.

Hapa ndipo familia hukosea kwa upendo. Mama akiogopa kwenda mjini, wanawe humfanyia safari zote. Anapata nafuu siku ile, ila ubongo wake unanyimwa nafasi ya kujua kwamba mlio ule si bomu. Kumburuta kwa nguvu nako humzidishia kiwewe. Katika tiba, mgonjwa na mtaalamu hukubaliana hatua ndogo, huikabili mpaka hofu ishuke, kisha huirudia mahali pengine. Wengine husaidiwa kusimulia tukio lote kwa mpangilio: katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Wanyarwanda na Wasomali walipata nafuu hivyo, wakihudumiwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, mgonjwa apelekwe kituo chenye huduma ya afya ya akili. Akitaja kujiua, apelekwe siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.