Somo la 31: Viatu vya Mpanda Kinga

Watoto, mmekwisha kumwona mtu akipanda mlima na kinga yake wakati wa mvua? Viatu vimelowana. Mara mguu wateleza, pedali yazunguka na kumpiga mfupa. Nguvu zake zapotea bure.

Washindani wa kinga huko Ulaya waliona taabu hiyo hiyo. Wakatia chuma kilichopindwa mbele ya pedali, wakafunga mguu kwa ukanda wa ngozi. Mguu haukuteleza tena. Lakini mtu akitaka kushuka, sharti kwanza ainame na kulegeza ukanda kwa mkono. Akianguka ghafula, aliweza kuanguka pamoja na kinga yake, kama mbuzi aliyefungwa miguu.

Katika nchi ya Ufaransa kulikuwa na kiwanda kiitwacho Look. Kilifanya vyuma vya kushika viatu juu ya mbao ndefu za kutelezea thelujini. Vyuma hivyo hushika kiatu kwa nguvu. Lakini mtu akianguka vibaya, humwachilia, asivunjike mguu. Mwaka 1984 kiwanda kikatoa pedali ya namna hiyo. Mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault akaitumia katika mashindano makubwa ya kuzunguka Ufaransa, akashinda mara ya tano.

Pedali hiyo yafanya kazi hivi. Chini ya kiatu kuna kipande kigumu. Mpandaji akikanyaga, kipande chaingia katika pedali na kushikwa: ta! Akitaka kutoka, hugeuza kisigino upande wa nje, na mguu uko huru. Mikono yabaki kwenye usukani.

Faida zake ni tatu. Mguu hautelezi. Hukaa siku zote mahali pake. Tena soli ya kiatu ni ngumu, haipindiki. Basi nguvu za mguu zafika zote katika pedali.

Lakini sharti kujifunza. Anayesahau kugeuza kisigino kabla ya kusimama huanguka ubavuni, na watu humcheka. Kwa hiyo mwanafunzi hushika ukuta kwanza, akaingiza mguu na kuutoa mara nyingi, mpaka mguu uzoee wenyewe.

Kumbukeni: kifungo chema hujua kushika, tena hujua kuachilia.

MAULIZO
1. Ukanda wa ngozi ulikuwa na faida gani, na hatari gani?
2. Mpandaji hutoaje mguu wake katika pedali ya Look?
3. Kwa nini soli ya kiatu ni ngumu?