Maumivu ya Mgongo Yasiyoisha: Kifua Kikuu cha Uti wa Mgongo



Tukisikia neno kifua kikuu, wengi wetu tunawaza kikohozi na makohozi yenye damu. Lakini vijidudu vya ugonjwa huu, alivyovigundua Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, havikai katika mapafu tu. Husafiri kwa njia ya damu na kufika kwenye tezi, figo, ubongo na mifupa. Katika mifupa, vinakopenda zaidi ni uti wa mgongo. Si ugonjwa mpya: alama zake zimeonekana katika maiti za kale za Misri, na mwaka 1779 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliueleza vizuri hata madaktari wakauita kwa jina lake mpaka leo.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati yake kuna njia, na humo hupita ugwe mgongo, yaani kamba laini ya mishipa ya fahamu, nene kama kidole kidogo cha mkono. Kwa njia hiyo ubongo huiamuru miguu itembee, na miguu huupasha ubongo habari ya mwiba, baridi au moto. Haja kubwa na ndogo nazo hutawaliwa humo humo. Sasa vijidudu vinapokula pingili kwa upande wa mbele, pingili huporomoka, mgongo hupinda na kibyongo hutokeza. Usaha na vipande vya mfupa huubana ugwe. Hapo ndipo mtu anapooza.

Namkumbuka kijana mmoja mkulima. Alikuja kwetu mara tatu kwa maumivu ya mgongo, na mara zote tulimpa vidonge vya maumivu tukimwambia apunguze kubeba mizigo. Hakuwa anakohoa. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyemwambia avue shati. Mara ya nne aliletwa juu ya baiskeli, miguu imekakamaa, mkojo hautoki. Tulipomvua shati, kifundo kilionekana wazi katikati ya mgongo. Nyumbani walikuwa wameshamchanja chale na kumkanda, wakisema amerogwa. Siwezi kuwalaumu, maana sisi wenye sare nyeupe tulikuwa tumemrudisha mara tatu.

Basi, maumivu ya mgongo yanayozidi wiki tatu, yanayomsumbua mtu hata usiku akiwa amelala, yasikaliwe kimya. Hasa kama anakonda, anapata homa za jioni au anatoka jasho usiku. Mtoto anayekataa kuinama kuokota kitu, akachuchumaa huku mgongo umenyooka kama ubao, apelekwe hospitali. Wakati mwingine usaha hushuka na kutokeza kama jipu kwenye kinena, jipu lisilo na moto wala maumivu makali. Msilipasue nyumbani. Miguu ikianza kulegea au kujikwaa, au mkojo ukizuia, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, si ya kungojea mnada upite.

Makohozi ya mgonjwa wa namna hii mara nyingi hayaonyeshi kitu, hivyo msiseme "alishapimwa." Apigwe picha ya mgongo, na apimwe pia virusi vya UKIMWI.

Dawa zipo na hutolewa bure. Kwa miezi 2 mgonjwa humeza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha huendelea na mbili za kwanza, na kwa ugonjwa wa uti wa mgongo matibabu yote hufika hata miezi 12. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa kusiwatishe, ni rifampisini hiyo. Wengine hupona maumivu mwezi wa tatu wakaacha dawa, nasi tunawapokea tena hali ikiwa mbaya zaidi. Kama mgongo umepinda sana au miguu inazidi kudhoofika, daktari atampeleka hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa ya MOI, Muhimbili, akafanyiwe upasuaji.

Ugwe uliobanwa si sawa na ugwe uliokatika, kama wa mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnazi. Ukiachiwa mapema, wengi hutembea tena, ingawa ni kwa miezi mingi. Kijana wetu aliinua kidole gumba cha mguu katika mwezi wa tatu. Mama yake alilia wodini. Sasa anatembea kwa fimbo.

Wakati wa kungoja, kazi kubwa ni ya nyumbani. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mgongo usijipinde. Tazameni matako, nyonga na visigino kila siku, maana wekundu wa leo ni kidonda cha kesho kutwa. Msimkande miguu kwa maji ya moto wala kumlaza karibu na jiko: hasikii kuungua. Nimefunga vidonda vya namna hiyo vilivyofika mfupani.

Kifua kikuu cha mfupa peke yake hakiambukizi kwa hewa, kwa hiyo msimtenge. Lakini watu wote wa nyumba wapimwe, kwanza watoto wa chini ya miaka 5, maana aliyemwambukiza huenda bado anakohoa humo humo ndani.