Kuoanisha Sauti na Picha: Matumizi ya Video Katika Mazoezi ya Kufundisha

UTANGULIZI

Mwalimu mwanafunzi atokapo katika mazoezi ya kufundisha huwa amehukumiwa mara mbili: na mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa, kisha na nafsi yake mwenyewe. Hukumu zote mbili hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ni shahidi dhaifu. Kwa sababu hiyo, mapema katika miaka ya 1960 Dwight Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza kuwafunza walimu kwa masomo mafupi ya dakika chache, ambayo yaliweza kunaswa kwa video na kutazamwa tena kabla mwalimu hajalirudia somo lake. Enzi hizo mitambo ilikuwa mizito na ya bei kubwa. Leo simu mbili za mkononi zatosha: moja ya kupiga picha, nyingine ya kunasa sauti.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi, hasa yule atakayepangiwa shule za wilaya kama Sengerema, namna ya kunasa picha na sauti kwa vyombo viwili na kuvioanisha baadaye bila kupotosha yaliyotokea darasani.

KWA NINI SAUTI INASWE KANDO

Kamera na kinasa sauti vina mahitaji yanayopingana. Kamera hutaka kukaa mbali ili ilione darasa zima. Kinasa sauti hutaka kukaa karibu na kinywa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua hadi robo ya ilivyokuwa. Ndani ya darasa hali huwa ngumu zaidi, kwani sauti hugonga kuta na bati na kurudi ikiwa imevurugika. Tukiongeza upepo utokao ziwani, mvua juu ya paa na darasa jirani linaloimba jedwali la kuzidisha, simu iliyosimamishwa nyuma ya darasa itanasa kila kitu isipokuwa kile tunachokihitaji.

Tunachokihitaji ni sauti ya mtoto. Tuchukue mfano. Mwalimu anaonyesha picha na kuuliza, "Ndege huyu anafanya nini?" Mtoto wa dawati la tatu anajibu kwa sauti ya chini, "Analuka." Mwalimu anasema, "Hapana. Nani mwingine?" Katika video yenye sauti ya kamera peke yake, tutasikia neno "hapana" na kudhani kwamba mtoto hakujua. Lakini ikiwa kinasa sauti kilikuwa juu ya dawati la jirani yake, tutagundua kwamba jibu lilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa ya matamshi tu: Kisukuma hutumia sauti ya l na hakina r, hivyo mtoto anayekisema nyumbani huelekea kuziweka mahali pamoja. Mtoto huyo alihitaji kusahihishwa matamshi. Badala yake ameambiwa kwamba hajui, na yamkini hatanyosha tena mkono.

Si kusikia tu kunakotakiwa. Mpangilio wa matukio nao lazima uwe wa kweli. Sauti ikitangulia picha kwa nusu sekunde, mtu aliyejibu ataonekana amefunga mdomo, na mwingine aliyefumbua wake kwa kupiga miayo ataonekana ndiye msemaji. Mwalimu aliyengoja jibu ataonekana hakungoja. Tathmini yote itakayofuata itakuwa imejengwa juu ya uongo.

JICHO NALO HUSIKIA

Mwaka 1976, wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walichapisha huko Uingereza matokeo ya jaribio la kushangaza. Walimwonyesha mtazamaji uso wa mtu anayetamka "ga", lakini sauti waliyoiweka juu ya picha hiyo ilikuwa "ba". Watazamaji wengi hawakusikia "ga" wala "ba", walisikia "da". Walipofumba macho, walisikia "ba" vema. Ni dhahiri kwamba ubongo huyaunganisha yale yaonwayo na yale yasikiwayo kabla ya kuamua ni neno gani limesemwa.

Funzo lake kwa mwalimu wa madarasa ya mwanzo ni kubwa. Sauti za p, b na m hutamkwa kwa kufunga midomo. F na v kwa mdomo wa chini kugusa meno ya juu. Mtoto huzitambua kwa sikio na kwa jicho pia. Video ya kufundishia matamshi ambayo sauti yake imeteleza humwonyesha midomo iliyofungwa huku akisikia irabu. Badala ya kumsaidia, inamchanganya. Ama sauti za l na r, ulimi hufanya kazi yake ndani ya kinywa na jicho halioni sana. Hapo usafi wa sauti ndio unaoamua.

Je, kosa la kiasi gani huvumilika? Pendekezo la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano la mwaka 1998 linaeleza kwamba mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti inapotangulia picha kwa takriban sekunde 0.045, au inapochelewa kwa takriban sekunde 0.125. Tofauti hiyo ina sababu ya kimaumbile. Tumezoea kumwona mpasua kuni ng'ambo ya bonde akishusha shoka kabla ya kusikia mlio wake. Hatujapata kusikia mlio kabla ya shoka kushuka.

TATIZO HILI SI GENI KWETU

Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakati wa ukoloni, palikuwa na mradi wa filamu za elimu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo, uliojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment, uliongozwa na L. A. Notcutt, na filamu zake zilizungushwa vijijini kwa gari. Picha zilikuwa kwenye utepe wa filamu, na sauti zilikuwa kwenye sahani za santuri. Njia hiyo ilikuwa na faida moja kubwa: filamu moja iliweza kuwekewa maelezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, bila kupigwa upya. Hasara yake ni kwamba mashine mbili zilipaswa kwenda sambamba, na kila moja ilikuwa na mwendo wake.

Hatuna haja ya kuusifu mtazamo wa mradi ule, uliomwona Mwafrika kama mtu wa kuelekezwa tu. Lakini tatizo lake la ufundi ndilo hili tunalokabiliana nalo leo tukiwa na simu mbili.

HATUA ZA KUFUATA

1. Maandalizi. Kiweke kinasa sauti kinase sampuli 48,000 kwa sekunde, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha video. Sauti iliyonaswa kwa sampuli 44,100, ambacho ni kipimo cha muziki, ikichezwa kana kwamba ni ya 48,000, itakuwa nyembamba na ya haraka: somo la dakika 40 litakwisha kwa dakika 36 na sekunde 45. Programu nyingi za kuhariri hurekebisha jambo hili zenyewe, lakini ni heri kuzuia kuliko kutibu. Zima mlio wa simu zote mbili, na uhakikishe zina chaji na nafasi ya kutosha.

2. Mahali pa vyombo. Kamera isimame juu ya kitu imara, dirisha likiwa nyuma yake na si mbele yake. Kinasa sauti kiwe katika mfuko wa shati wa mwalimu ikiwa tunachunguza maswali yake, au katikati ya madawati ikiwa tunachunguza majibu ya watoto. Kitambaa laini chini yake huzuia mgongano wa dawati usisikike.

3. Alama ya mwanzo. Washa vyombo vyote viwili. Simama mbele ya kamera, taja kwa sauti shule, darasa, tarehe na namba ya kipande, kisha piga kofi moja, mikono ikionekana wazi. Watengenezaji wa filamu hutumia kibao chenye bawaba kwa kazi hiyohiyo. Kofi lina sifa mbili tunazozitaka: huonekana kwa nukta moja ya wakati, na husikika kwa nukta hiyohiyo.

4. Kutozima. Vyombo viachwe vikiendelea mpaka mwisho wa somo. Kila ukizima chombo kimoja, umeanzisha kipande kipya kinachodai kofi jipya.

5. Alama ya mwisho. Kabla ya kuzima, piga kofi la pili. Faida yake tutaiona punde.

6. Kuoanisha. Katika programu ya kuhariri, tafuta fremu ya kwanza ambamo viganja vimegusana. Kisha tazama mchoro wa mawimbi ya sauti ya kinasa. Kofi litaonekana kama mwiba uliochomoza ghafla. Sogeza sauti mpaka mwanzo wa mwiba ukutane na fremu hiyo. Mwisho, nyamazisha sauti ya kamera, lakini usiifute. Ni shahidi wako wa akiba.

KASORO MBILI ZA KUJIHADHARI NAZO

Kasoro ya kwanza ni kuachana polepole. Kila chombo kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zilizo sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 katika kila milioni ni ndogo mno, lakini kwa somo la dakika 40 huzaa sekunde 0.12. Katika video ya fremu 30 kwa sekunde, hizo ni fremu tatu na nusu hivi. Hapa ndipo kofi la mwisho linapofaa: likikutana na picha yake, kazi ni njema, lisipokutana, tumejua kosa ni kiasi gani. Tiba ni kuikata sauti mahali penye kimya katikati ya somo na kuisogeza nusu ya pili. Aidha, simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, jambo ambalo huzidisha kuachana huko. Ikiwa simu yako inaruhusu, funga idadi hiyo isibadilike.

Kasoro ya pili hutokana na umbali. Sauti husafiri kwa kadiri ya meta 340 kwa sekunde. Darasani, kamera ikiwa meta 7 kutoka kwa mwalimu, ucheleweshaji haufikii hata fremu moja. Lakini tuseme tunapiga picha za ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake Wasukuma hucheza na majembe, kamera ikiwa meta 68 na kinasa sauti kikiwa kando ya ngoma. Sauti huifikia kamera baada ya sekunde 0.2, yaani fremu 6. Mwanafunzi akioanisha kwa kulinganisha sauti ya kinasa na sauti ya kamera, atakuwa ameichelewesha sauti safi kwa fremu 6, na kila pigo la ngoma litasikika baada ya mkono kwisha kuinuka. Kanuni ni hii: vyombo vikiwa mbalimbali, oanisha kwa kile kinachoonekana, si kwa kile ambacho kamera imesikia.

SOMO LA MFANO: MWENDO WA SAUTI

Kasoro hii ya pili inaweza kugeuzwa kuwa zana ya kufundishia sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Pima meta 100 uwanjani. Mwanafunzi mmoja asimame upande mmoja na rimu ya gari, kama ile itumikayo kuwa kengele ya shule. Simu iwe upande wa pili. Kwanza rimu igongwe meta moja tu mbele ya simu, ili kuhakiki kwamba picha na sauti za simu yenyewe zinakwenda pamoja. Kisha igongwe kutoka mbali. Katika programu ya kuhariri, wanafunzi wahesabu fremu tangu nyundo inapogusa rimu hadi mwiba wa sauti unapoanza. Wakipata fremu 9 kati ya 30 za sekunde moja, muda ni sekunde 0.3, na mwendo ni meta 333 kwa sekunde. Wakipata 8, watapata meta 375. Waulizwe: kwa nini fremu moja tu imeleta tofauti kubwa hivyo? Wafanye nini ili kosa lipungue? Hapo ndipo wanapoanza kufikiri kisayansi.

Vivyo hivyo, somo la usafiri katika Ghuba ya Mwanza laweza kuandaliwa kwa picha za kivuko cha Kamanga na za daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025. Upepo wa ghubani utaiharibu sauti ya kamera. Maelezo yanaswe baadaye katika chumba tulivu, na wanafunzi wenyewe wakiwa wasomaji.

HAKI YA MTOTO

Hatuna budi kukumbusha kwamba sura na sauti ya mtoto si mali ya mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinatutaka tuwe waangalifu. Pata kibali cha mwalimu mkuu na ridhaa ya wazazi kabla ya kuwasha kamera. Video ya mazoezi itazamwe na wanaohusika na mafunzo yako, kisha ifutwe. Isitumwe kwenye makundi ya simu. Mtoto aliyekosea jibu asifanywe kichekesho cha watu asiowajua.

MAZOEZI

1. Nasa dakika 10 za somo lako kwa vyombo viwili na uzioanishe. Orodhesha majibu ya watoto ambayo hukuyasikia ulipokuwa ukifundisha.

2. Hesabu, kwa sekunde, muda uliomngojea kila mtoto baada ya kuuliza swali. Je, uliwangojea wote sawa?

3. Kamera iko meta 34 kutoka kwa msemaji, na video ni ya fremu 30 kwa sekunde. Sauti ya kamera itachelewa kwa fremu ngapi?

4. Jadilini: kinasa sauti kikiwa katika mfuko wa mwalimu, tunapata nini, na ni sauti za nani tunazozipoteza?